Rangi Zinazoelewana

Terminali imefunguka, usuli wake mweusi, herufi za kijivu zimetulia juu yake. Mtu anaandika amri ya kufungua faili, na ghafla kioo kizima kinakuwa cheupe pe. Macho yanajifumba yenyewe. Anafunga faili, weusi unarudi, na macho yanaanza upya kuzitafuta herufi. Mwandishi wa programu huenda na kurudi hivyo kutwa nzima, kutoka terminali hadi kihariri, yaani programu anamoandikia msimbo, na kutoka kihariri hadi terminali. Ufundi ninaotaka kuusifu hapa ni wa watu waliokaa kitako wakaishughulikia adha hiyo ndogo mpaka ikaisha. Ni ufundi wa kuzifanya rangi za kihariri na rangi za terminali zielewane.

Ninaandika haya nikiwa Soga, mkoani Pwani, upande huu wa Kibaha unaopakana na Kisarawe. Wengi huijua Soga kwa reli: ile ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na hii mpya ya umeme iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro mwezi Juni 2024. Mimi naijua zaidi kwa mwanga wake. Tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na kila ifikapo Machi na Oktoba jua la saa sita hupita utosini. Anayekaa barazani au chini ya mwembe na kompyuta mapajani hushindana na mwanga unaomjia kila upande, hata kutoka ardhini. Kisha jioni haibembelezi. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, na magharibi ya huku ni fupi. Nusu saa haipiti, giza limeshaingia. Kioo kilichokuwa hakionekani kwa jua sasa kinaunguza macho. Ndiyo maana huku mpangilio mmoja wa rangi hautoshi. Unahitajika wa mchana na wa usiku, na yote miwili lazima ionekane imetoka kwenye mkono mmoja.

Tuanze na terminali, kwa kuwa ndiyo mwenyeji na kihariri ni mgeni wake. Terminali ya VT100 ya kampuni ya Digital Equipment, iliyotoka mwaka 1978, haikuwa na rangi za kuchagua. Ilichoacha ni namna ya kuzungumza: kompyuta hutuma herufi maalumu ya nambari 27, kisha mabano ya mraba, kisha tarakimu, na terminali huelewa kwamba hayo si maandishi ya kuonyeshwa bali ni amri ya kutekelezwa. Namna hiyo imewekwa katika kiwango cha ECMA-48, na inatumika hadi leo. Ukituma 31, maandishi yanakuwa mekundu. Ukituma 32 yanakuwa ya kijani, na 34 ya buluu. Wenye kazi yao huziita amri hizi SGR, herufi zilezile tunazoiitia treni ya umeme inayopita hapa.

Itazame tarakimu ya mwisho. Nyekundu ni 1, kijani ni 2, buluu ni 4. Mwanga mwekundu ukichanganywa na wa kijani hutoa njano, na njano ni 3, yaani 1 na 2. Nyekundu na buluu hutoa majenta, nayo ni 5. Kijani na buluu hutoa feruzi, nayo ni 6. Zote tatu zikiungana ni nyeupe, 7; na pasipo mwanga wowote ni nyeusi, 0. Hakuna jedwali la kukariri. Anayejua kujumlisha anaweza kuzitaja rangi zote nane bila kuuliza mtu. Kila ninapomweleza mwanafunzi jambo hili, mimi mwenyewe hufurahi upya kwamba kuna mtu aliyeona hesabu hiyo akaiacha ifanye kazi yake.

Lakini nambari 1 haisemi ni wekundu gani. Inaweza kuwa nyekundu kali, inaweza kuwa damu ya mzee. Anayeamua ni mwenye terminali, katika mipangilio yake. Hapo ndipo fundi anapoingia. Zile rangi nane, pamoja na nane nyingine za kung'arishwa, jumla 16, ni nafasi tu zinazosubiri kujazwa. Baadaye zilikuja terminali za rangi 256: zile 16 za mwanzo, kisha 216 zinazopatikana kwa kuipa kila moja ya nyekundu, kijani na buluu hatua 6, kisha vijivu 24. Leo terminali nyingi zinapokea rangi za biti 24, ambazo ni 16,777,216. Wingi huo ni neema, na ndio chanzo cha ugomvi wenyewe: kihariri sasa kinaweza kujichagulia rangi yoyote bila kujali mwenyeji wake amevaa nini.

Kihariri ninachokitumia ni Vim, ambacho kina udugu na Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi, anayekifungua bila faili amekuwa akikutana na mstari unaomwomba awasaidie watoto wa Uganda. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyekianzisha, alikitoa kwa umma mwaka 1991. Mwaka 1994 alijitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, katika eneo la Rakai lililoumizwa sana na UKIMWI. Kihariri chake hakukiwekea bei. Aliyekipenda aliombwa awachangie watoto wa Kibaale. Alifariki Agosti 2023, na ombi lile bado limo ndani ya maelezo ya Vim, unalipata kwa kuandika amri ya kuomba msaada na jina la Uganda. Nalitaja hapa kwa sababu ufundi wa mipangilio ya rangi umekua katika desturi hiyohiyo. Karibu mipangilio yote mizuri ninayoijua imetolewa bure na watu waliotumia miezi yao kupumzisha macho ya wasiowajua.

Rangi za msimbo ziliingia Vim katika toleo la 5.0, mwaka 1998. Tangu hapo kuna njia mbili za kukipatanisha kihariri na terminali. Ya kwanza ni utii. Kihariri hakitaji rangi, kinataja nafasi: maelezo ya msimbo yawe nambari 10, maneno yaliyo ndani ya alama za nukuu yawe nambari 6. Terminali ikibadilishwa, kihariri kinabadilika nayo bila kuguswa. Ya pili ni usahihi. Toleo la 8.0 la mwaka 2016 liliruhusu kutumia rangi za biti 24 ndani ya terminali, kila rangi ikiandikwa kwa thamani yake kamili, na hapo mwenye kazi lazima ahakikishe thamani zilezile zimeandikwa pande zote mbili. Njia ya kwanza haikosei lakini ina nafasi 16 tu. Njia ya pili ina uhuru wote, na kila tarakimu iliyoandikwa vibaya itaonekana. Chris Kempson, aliyeanzisha mradi wa base16, alipata dawa ya jambo hilo: orodha moja ya rangi 16 iandikwe mahali pamoja, na mafaili ya terminali, ya kihariri na ya programu nyingine yazalishwe kutoka orodha hiyo. Rangi ikirekebishwa kwenye chanzo, kote inakuwa imerekebishwa.

Kazi ninayoirudia kuitazama, na kila mara naona kitu, ni Solarized ya Ethan Schoonover, iliyotoka mwaka 2011. Ni rangi 16 tu: nane zilizopoa, kutoka buluu-nyeusi hadi krimu, na nane za kupambanua. Ili kuelewa alichofanya, inafaa kujua tabia ya kioo. Katika mwanga mweupe wa kioo cha kompyuta, kijani hubeba takriban asilimia 72 ya mwangaza, nyekundu asilimia 21, na buluu asilimia 7 tu. Ndiyo sababu buluu tupu juu ya nyeusi haisomeki, hata ikiwa imewashwa hadi mwisho. Amri ya ls katika Linux kwa kawaida huonyesha majina ya folda kwa buluu, na yeyote aliyewahi kuyakodolea macho majina hayo kwenye terminali ya zamani anajua ninachosema. Rangi mbili zilizowashwa sawasawa kwa tarakimu haziwi sawa kwa jicho.

Kwa hiyo Schoonover hakuanza na tarakimu za kioo. Alitumia CIELAB, mfumo uliopitishwa na Tume ya Kimataifa ya Mwangaza mwaka 1976, unaozipanga rangi kwa kadiri jicho la binadamu linavyozihisi. Kipimo chake cha mwangaza kinaanza 0, ambayo ni nyeusi, hadi 100, ambayo ni nyeupe. Kwa kipimo hicho buluu tupu ya kioo ni 32 na njano tupu ni 97. Ukiziweka katika ukurasa mmoja, njano itakurukia na buluu itajificha. Katika Solarized, njano, kijani na feruzi zote ni 60. Buluu ni 55. Nyekundu, chungwa, majenta na urujuani ni 50. Rangi nane tofauti kabisa, na hakuna hata moja inayopiga kelele kuliko mwenzake. Jicho linaitambua kila moja kwa sura yake, wala halivutwi upande wowote bila sababu.

Zile nane zilizopoa zimepangwa kwa uangalifu zaidi. Mwangaza wake ni 15, 20, 45, 50, 60, 65, 92 na 97. Usiku, usuli ni ile ya 15 na maandishi ni ya 60. Tofauti ni 45. Mchana, usuli ni ile ya 97 na maandishi ni ya 50. Tofauti ni 47. Ukigeuza usiku kuwa mchana, rangi za kupambanua hazibadiliki hata moja. Zimekaa katikati, zikisomeka juu ya usuli mweusi na juu ya usuli mweupe. Vijivu ndivyo vinavyobadilishana zamu. Maelezo ya msimbo, ambayo yanapaswa kurudi nyuma kidogo ili msimbo utangulie, yanarudi nyuma kwa kiasi kinacholingana pande zote mbili. Huwezi kufika hapo kwa kuchagua rangi moja unayoipenda na kuongeza nyingine. Rangi zote 16 zilibidi zichaguliwe pamoja, kila moja ikipimwa dhidi ya zote zilizobaki, na ukiisogeza moja unalazimika kuwauliza majirani zake wote.

Ubora wa kazi hii unaonekana hata pale ilipolipa gharama. Rangi 16 zilipaswa kuingia katika nafasi 16 za terminali, na nafasi zile za kung'arishwa hazikuwa na pa kukwepea. Nyingi zilipewa vijivu. Nafasi ya 8, inayotarajiwa kuwa nyeusi iliyong'arishwa, ikapewa rangi ileile ya usuli wa usiku. Kwa hiyo programu yoyote inayotumia nafasi hiyo kuandika maneno hafifu huandika maneno yasiyoonekana kabisa, buluu-nyeusi juu ya buluu-nyeusi. Wanaoijua kazi hii huirudisha nafasi ya 8 iwe kijivu cha kati, kisha wanakiachia kihariri kitumie rangi za biti 24 ili kisiitegemee tena nafasi hiyo. Ni marekebisho ya mstari mmoja, lakini kuyafanya kunadai mtu ajue kila nafasi inatumiwa na nani, katika programu gani, na kwa kusudi gani.

Kuna jambo jingine dogo ambalo huwa naliona zuri sana, nalo ni mazungumzo yanayofanyika kihariri kinapofunguliwa. Vim kikianza, hutuma kwa terminali ile herufi ya 27, mabano ya mraba ya kufunga, nambari 11 na alama ya kuuliza. Maana yake: usuli wako ni wa rangi gani? Terminali inayoielewa lugha hiyo hujibu kwa kutaja kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu. Vim hupima jibu, huamua kama mwenyeji wake amevaa giza au mwanga, na huchagua upande wa mpangilio unaofaa. Terminali isiyoielewa lugha hiyo hunyamaza, na kihariri huendelea na makisio yake. Mgeni anabisha hodi, kisha anasikiliza.

Mpaka hapa nimesema juu ya macho kupumzika. Kuelewana kwa rangi kuna faida nyingine kubwa zaidi, nayo ni maana. Nyekundu ya reli ni simama, iwe Pugu, Soga au Ruvu. Dereva hajifunzi upya kila kituo. Ndani ya terminali pia rangi zimeshapewa kazi. Programu ya git, ikionyesha mabadiliko, huandika mistari iliyofutwa kwa nyekundu na iliyoongezwa kwa kijani. Majaribio ya msimbo yakishindwa, taarifa huja kwa nyekundu. Sasa mtu akiwa na kihariri kinachopaka nyekundu kila neno la kawaida la lugha ya programu, ile nyekundu ya terminali imeshapoteza uzito. Jicho limezoea kuiona bila kushtuka. Ndiyo maana fundi makini huiwekea nyekundu akiba. Huangalia kwanza terminali inaitumiaje kila rangi, kisha anakipa kihariri kazi zisizopingana na hizo. Katika Solarized ya Vim maelezo ni kijivu, maneno ya nukuu ni feruzi, maneno ya kuongoza msimbo ni kijani, majina ni buluu, aina za data ni njano. Nyekundu inatokea mara chache, na inapotokea unaigeukia.

Kisha kuna kazi ya kuurekebisha mpangilio ufae mahali ulipo, na hapa Soga ina neno la kusema. Wanaoweka viwango vya urahisi wa kusoma katika tovuti hutaka uwiano wa mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na usuli usipungue 4.5 kwa 1. Solarized ya usiku inafikisha takriban 4.7. Ya mchana inafikisha 4.1 hivi. Ndani ya chumba chenye mapazia tofauti hiyo haisumbui, lakini barazani saa saba mchana, mwanga wa jua ukiwa umeshakula sehemu ya kila herufi, inasumbua. Dawa imo ndani ya orodha yenyewe. Kijivu kinachofuata kwa giza, cha 45, kilikusudiwa kwa maneno ya mkazo. Ukikifanya kuwa rangi ya maandishi yote ya mchana, uwiano unapanda hadi karibu 5. Hapo unakuwa umetumia kijivu cha mkazo, kwa hiyo mkazo unahamia kwa herufi nene, au kwa ile ya 20. Hakuna rangi mpya iliyoletwa, na ndugu yake wa usiku hajaguswa. Jioni ikiingia, unageuza, na kila neno linabaki na sura uliyoizoea.

Mpangilio wa namna hii hauthibitishwi kwa kuutazama mara moja. Fundi huufungulia faili refu lenye maelezo mengi, kisha faili la data tupu, kisha matokeo ya git, kisha orodha ya folda. Hukipunguzia kioo mwanga mpaka kiasi kile cha kubana betri umeme unapokatika, aone kama vijivu bado vinatofautiana. Huutoa nje saa sita. Huutazama saa nne usiku. Humwomba mtu asiyetofautisha vizuri nyekundu na kijani aketi mbele yake na kusema anaona nini, na kama mistari iliyofutwa na iliyoongezwa inamchanganya, hurudi kwenye mwangaza wa rangi hizo au huongeza alama. Kila jaribio linaweza kudai hatua moja au mbili tu katika kipimo cha 100. Hakuna atakayemsifu kwa hatua hizo. Atakachopata ni watu wanaofanya kazi hadi usiku bila kujua kwamba waliwahi kuwa na sababu ya kuumwa macho.

Ningependa vijana wanaoanza kujifunza kompyuta hapa Kibaha wapewe kazi hii mapema kabisa, hata kabla ya programu yao ya kwanza ya maana. Haihitaji mashine mpya. Kompyuta ya mtumba yenye Linux inatosha. Haihitaji intaneti ya kasi, kwa kuwa mpangilio mzima ni faili la maandishi lenye mistari michache. Mwanafunzi akiandika thamani 16 kwa mkono wake, akaziweka katika terminali, kisha akakiambia kihariri kizifuate, atakuwa ameshajifunza kwamba kompyuta inaweza kufunguliwa na kupangwa na anayeitumia; kwamba nambari ni nafasi na nafasi ina wajibu; kwamba kipimo humwonyesha mtu ambacho mapenzi yake ya rangi hayawezi kumwonyesha. Atajifunza pia kumfikiria msomaji. Kwa sababu siku moja msimbo wake utafunguliwa na mtu mwingine, saa nyingine, katika mwanga mwingine, na mtu huyo ana haki ya kuusoma bila taabu.